Baiskeli za Kituo Zilizopelekwa Malishoni

Mimi ni mtu wa aibu. Sisemi hivi ili nihurumiwe, ni vile tu nisipoanza na hilo hakuna kitu kitaeleweka hapa. Tangu shule ya msingi, mtu mzima akiniuliza swali mimi hujibu ndio, halafu baadaye ndipo nafikiria aliuliza nini. Kwa njia hiyo nimewahi kukubali kuimba peke yangu kanisani, nimewahi kukubali kubeba jogoo mgonjwa wa jirani mpaka sokoni, na mwaka nilipokuwa kidato cha pili niliandika kwa kalamu yangu mwenyewe kwamba baiskeli tatu zilikuwa mahali hazikuwa.

Hiyo ya baiskeli ndiyo iliyotaka kunitoa nyumbani.

Kituo chetu cha majani chai kiko juu ya kilima, upande wa Bomet. Ni pale wakulima hupeleka majani yapimwe kabla ya lori kuyachukua. Kando ya kituo kuna banda la mabati. Nilipokuwa darasa la nane, ofisi moja ya maendeleo kutoka mjini ilileta baiskeli sita, zile nyeusi nzito zenye keria ya kubeba gunia, ikaziweka kwa hilo banda ziwe za watu wote. Unakuja asubuhi, unaandikwa, unachukua moja, unapeleka maziwa au mgonjwa au barua, na kabla ya giza unairudisha ikiwa imeoshwa. Hulipi kitu. Kila baiskeli ilipakwa nambari nyeupe kwa madigadi ya nyuma.

Kuzisimamia alipewa fundi aliyekuwa na kibanda cha kuziba pancha hapohapo kituoni. Alizaliwa Kisii, akaletwa huku akiwa mdogo na wazazi waliokuja kuchuma chai, na kwa Kipsigis alijua salamu na majina ya vyakula basi. Mkataba wake ulikuwa wa miaka miwili, kurasa nne. Aliutia ndani ya nailoni akautundika ukutani kwa kibanda kama picha ya harusi.

Mimi niliingia hivi. Shule yangu ya sekondari ni ya kutwa, na kwa miguu ni saa mbili na nusu kama hakuna matope. Kwetu matope huwa yapo. Fundi alikuwa na mwandiko wa kulala, herufi zake zote zilikuwa zimechoka, kwa hivyo tukaelewana: mimi niandike rejista na kupokea baiskeli jioni ili yeye aende kukamua, na kila siku ya shule nambari nne iwe yangu. Ndipo akaanza kuniita mwalimu.

Mkataba ulikuwa unaisha mwisho wa Agosti. Usipoongezwa, baiskeli zinarudi mjini. Na baba alikuwa ameshasema, naye hasemi mara mbili: "Hizo zikienda, wewe utakaa kwa shangazi yako Kericho, usome huko."

Shangazi ni mtu mzuri. Shida ni kwamba ana wageni kila siku ya Mungu, na kila mgeni lazima umsalimie, umwambie uko kidato gani, unataka kuwa nani, na kama unapenda hesabu. Nimekaa huko wiki moja ya Krismasi nikarudi nikiwa na homa. Nyumbani mimi hulala jikoni kwa kogo, yaani nyanya yangu mzaa baba, ambaye anaweza kukaa na mtu jioni nzima bila kumuuliza chochote. Sikutaka kuhama.

Basi wiki ya kwanza ya likizo ya Agosti barua ikaja. Nilimsomea fundi pale kibandani. Ofisi ilikuwa tayari kuongeza mkataba kwa miaka mitatu, ikiwa Ijumaa ya wiki iliyofuata afisa atakuja kituoni na kuona baiskeli zote sita kwa macho yake.

"Miaka mitatu," fundi akasema. Aliosha mikono, nadhani kwa heshima ya barua. "Haya mwalimu, soma kitabu."

Nikasoma. Nambari moja, ipo. Mbili, ipo. Tatu, ipo. Nne, tano, sita, zipo. Sauti yangu ilikuwa inapungua kila nambari. Halafu fundi akaenda kwa banda akasimama mlangoni kitambo.

"Mwalimu, hizi ni ngapi?"

"Tatu."

"Na kwa kitabu?"

"Sita."

"Basi ama macho yangu yameharibika, ama kitabu chako kinaona mbali sana."

Mtu atauliza, fundi hakuona siku hizo zote? Hakuona kwa sababu asubuhi akikuta tatu alifikiri zingine zimeshatoka na maziwa. Sikumwambia hivyo. Sikumwambia kitu chochote miezi yote hiyo, na hiyo ndiyo namna yangu ya kudanganya.

Ilianza Machi, na ilianza kwetu. Mvua ya mawe ilipiga chai ya upande wetu ikabaki vijiti, na ng'ambo ya mto hakuna hata jani lililotobolewa. Kesho yake kogo alikuja nami mpaka kituoni, akaangalia banda kwa muda mrefu.

"Hizi zote mmeziweka boma moja?" akauliza.

Nikasema ndio.

Akatikisa kichwa kama mtu ameonyeshwa mtoto asiyevaa sweta. Sasa, kwetu kuna desturi inaitwa kimanagan. Mtu mwenye ng'ombe wengi hawafugi wote nyumbani. Anapeleka mmoja kwa rafiki hapa, mwingine kwa shemeji kule, ili ugonjwa au mwizi au mawe yakija yasimalize wote. Anayemtunza anakunywa maziwa, lakini ng'ombe na ndama wake ni wa mwenyewe. Kogo alifanya hesabu yake, na Jumatatu akaandikisha nambari sita kama mtu yeyote, akaituma na gari mpaka Mulot, kwa kaka yake. Jioni akaniambia, "Andika iko. Iko mahali pazuri."

Nikaandika ipo.

Ningekuwa mtu mwingine ningeuliza, mahali gani? Lakini huyo ni kogo. Na mwezi haukuisha kabla mzee mmoja wa kanisa letu, anayekaa chini bondeni, kusikia na kuona ni akili, akateremka na nambari mbili. Halafu mama mmoja anayeuza maziwa akapeleka nambari tano Kapsoit kwa dada yake. Wote waliniambia vilevile, iko mahali pazuri, tena kwa sauti ya mtu anayekupa zawadi. Hawakuwa wezi, hilo niliweke wazi. Walikuwa wanatusaidia.

Hayo yote nilimweleza fundi siku hiyo, naye akasikiliza akiwa ameketi juu ya pampu.

"Mimi nilipewa baiskeli," akasema mwishowe. "Wangesema ni ng'ombe ningejenga zizi."

"Pole, fundi."

"Usinipe pole, nipe baiskeli. Kesho tunaenda nyumba kwa nyumba, tunachukua."

Nilipomwambia kogo hivyo jioni, aliacha kugeuza ugali. "Mnaenda kuchukua? Kama watu wa kodi? Mwambie huyo fundi akae kibandani. Ng'ombe aliye kwa mtu hadaiwi. Unaenda, unakaa, unakunywa maziwa, unauliza habari ya mvua. Unasema umekuja kumwona mnyama. Kumwona tu. Anayemtunza ndiye atasema umchukue."

"Na asiposema?"

"Unarudi kesho."

Tulikuwa na siku kumi na moja.

Ya Kapsoit ilikuwa rahisi, kwa sababu mama wa maziwa ni mfanyabiashara na hana saa za kuzungukazunguka. Alienda asubuhi, akarudi alasiri na nambari tano juu ya gari, akaishusha na kusema, "Haya, andika iko," na safari hii ilikuwa iko.

Ya mzee wa bondeni nilitumwa mimi. Kogo alisema mzee huyo ni baba yake wa ubatizo, kwa hivyo yeye hawezi kwenda na maneno ya kurudisha vitu, itaonekana ni ugomvi. Nikashuka peke yangu. Mzee alinikaribisha, mke wake akanipa kikombe cha mursik, yale maziwa yetu ya kuganda, na nikakaa. Nilikuwa nimepanga kuuliza habari ya mvua lakini mvua ilikuwa inanyesha, sote tunaiona. Nikanyamaza. Saa mbili nzima. Nikaaga nikarudi nyumbani.

Siku ya pili nikafanya vilevile. Fundi aliniona nikipanda kilima mikono mitupu.

"Leo mmeongea nini?"

"Hatujaongea."

"Kwa hivyo kazi inaendelea," akasema, akarudi kwa tyubu yake.

Siku ya tatu, nikiwa bado natazama kikombe, mzee akamwambia mke wake kama vile mimi sipo: "Watoto wa siku hizi hawajui kukaa. Huyu anajua." Halafu akaniuliza, "Unataka kumwona?"

Nikasema ndio, na kwa mara ya kwanza nilijua nimeulizwa nini.

Alinipeleka kwa nyumba ya mbuzi. Nambari mbili ilikuwa imesimama kwa nyasi kavu, imefungwa kamba kwa usukani mpaka kwa nguzo. Juu ya tandiko alikuwa ameshonea ngozi ya kondoo. Madigadi yaling'aa mpaka nikajiona pua.

"Hapendi baridi," mzee akasema.

Sijui nini kiliniingia. Nikamuuliza, "Anakula nini?"

Mzee alinitazama, nikajua nimekwisha. Kumbe alikuwa anafikiria jibu. "Samli kwa cheni," akasema. "Yale mafuta ya fundi yanamkohoza."

Akafungua kamba mwenyewe, akanikabidhi. Kwa mlango akaniuliza kama ni haki mtu abaki na boma tupu. Nikasema hapana, si haki. Akaniuliza kama nambari mbili atarudi. Nikasema ndio. Tayari nilikuwa katikati ya kilima nilipotambua nimeahidi.

Ikabaki ya Mulot. Jumatano kogo na mimi tulienda kwa kaka yake, mzee mrefu mkimya ambaye shamba lake liko nyuma ya soko la mifugo. Wawili hao walikaa kivulini tangu saa nne mpaka saa tisa wakihesabu ng'ombe waliokufa kabla mimi kuzaliwa. Baiskeli haikutajwa hata mara moja. Pia haikuonekana. Nilianza kuona sebule ya shangazi, vitambaa vyake kwa viti, wageni wamejipanga.

Tulipokuwa tunaaga, mzee akamwambia kogo, "Ijumaa mnaye mgeni."

"Tunaye."

"Huyo mnyama wenu nitamleta mwenyewe. Hawezi kutoka boma hili kama mwizi, bila wazee kumwona akitoka."

Hiyo ilikuwa yote. Kogo aliridhika kabisa, alilala njia nzima kurudi. Fundi alipotuuliza kama tumeona baiskeli kwa macho nilisema hapana. Alivua kofia, akaivaa tena.

"Mwalimu, mimi nimeishi na nyinyi miaka ishirini," akasema. "Nilifikiri nimewazoea."

Ijumaa afisa alikuja saa tatu. Alikuwa mama wa miaka kama arobaini, koti la kijivu, ubao wa kuandikia mkononi, viatu visivyojua matope. Kamati ya kituo ilikuwa imekalia benchi, watu wa majani wamesimama nyuma na vikapu, na baiskeli tano zimepangwa mbele ya banda. Nambari mbili ilikuwa na ngozi yake. Fundi alijaribu kuitoa lakini mzee wa bondeni alikuja mapema akasimama karibu nayo.

Afisa akahesabu. Akarudia.

"Ya sita?"

"Iko njiani," fundi akasema.

"Kutoka wapi?"

Fundi akaniangalia mimi, mimi nikaangalia viatu vya afisa. "Kutoka mahali pazuri," akasema polepole.

Tukangoja. Mwenyekiti alisimulia historia ya kituo. Alipomaliza akaanza tena kutoka katikati. Saa tano lori la kwanza likaja, likapakia majani, likaenda. Afisa akafunga kalamu yake na kusema anaelewa, lakini hata sisi tumwelewe, ana vituo vingine viwili leo, na barua ilisema sita. Baba alikuwa kwa laini ya majani. Aliniangalia mara moja tu, na kwa huo mtazamo nilikuwa nimeshapakiwa sanduku.

Ndipo mtu akasema, "Si hao?"

Walikuwa wanapanda kutoka barabarani, wazee watano kwa mstari mmoja, makoti marefu, fimbo. Kaka yake kogo alitangulia akisukuma nambari sita. Hakuipanda, nadhani hakuna aliyefikiri kuipanda siku kama hiyo. Na mzee wa mwisho naye alikuwa anasukuma baiskeli nyingine, ndogo, nyekundu, ya mtoto.

Walifika, wakasalimia watu wote mmoja mmoja, hata afisa, hata mimi. Kisha kaka yake kogo akaegemeza nambari sita mbele ya koti la kijivu na kusema kwa Kiswahili cha kuchagua neno kwa neno:

"Mama, huyu alikuja kwangu mkubwa. Amekaa vizuri. Hajawahi kuumwa, ni spoku mbili tu. Amebebea watu wa Mulot mahindi kila siku ya soko, wakamlipa. Na kwa hiyo kazi, akiwa kwangu, amezaa." Akaonyesha ile ndogo. "Sisi tumekunywa maziwa. Mtoto ni wa mwenye ng'ombe. Hawa wanne ni mashahidi."

Wale wanne wakaitikia.

Afisa akaangalia fomu yake. "Hapa ziko saba."

"Ndiyo."

"Fomu ni ya sita. Siwezi kuandika saba."

"Andika sita na ndama," mzee akasema, akimsaidia.

"Nani anaweka rejista?" afisa akauliza.

Sijawahi kuonwa na watu wengi hivyo. Akachukua daftari, akafungua Machi, Aprili, Mei. Kila jioni, kwa mwandiko wangu mzuri, ipo, ipo, ipo.

"Kwa hivyo nambari sita imekuwa hapa kituoni kila siku?"

Mdomo wangu ulikuwa umeshaanza ndio. Niliusikia ukianza. Lakini nilikuwa namwona kaka yake kogo, ambaye ametoka Mulot na mashahidi wanne ili kusema ukweli kuhusu kitu cha mtoto ambacho hakuna mtu angejua.

"Hapana," nikasema. "Ilikuwa Mulot. Nambari mbili ilikuwa na mbuzi. Nambari tano ilikuwa Kapsoit. Fundi hakujua. Mimi nilijua na nikaandika uongo, kwa sababu niliogopa kuwauliza watu wazima." Na kwa vile nilikuwa nimeanza sikujua pa kukomea, nikaeleza yote, mawe ya Machi, boma moja, kimanagan, samli, mpaka nikaeleza na mambo ya shangazi ambayo hakuna mtu aliniuliza.

"Kumbe ana sauti," kogo akasema.

Afisa alienda kando na kamati na fundi. Walikaa huko muda wa kutosha mtu kuchuma kikapu. Waliporudi alisema hivi: hawezi kutoa miaka mitatu mahali rejista inadanganya. Na hawezi kunyang'anya baiskeli mahali zinarudi zaidi ya zilivyokuja, mkubwa wake atamuuliza ameandika nini. Ataongeza mwaka mmoja. Kwa mkataba kutaandikwa wazi kwamba nambari mbili iko bondeni, tano iko Kapsoit na sita iko Mulot, na jina la anayetunza, na kila moja itumiwe na watu wa pale ilipo. "Na rejista," akasema, "iwekwe na mtu mwingine."

Fundi akatia sahihi kwa herufi zake zilizochoka. Mzee wa bondeni aliondoka na nambari mbili kabla wino ukauke.

Watu walipeana mikono. Mimi nilibaki nahesabu. Zimebaki tatu kituoni, moja, tatu na nne, na hizo zinagombaniwa na maziwa ya kijiji kizima. Nambari nne nilipewa kwa sababu ya rejista, na rejista sina. Mkataba umeongezwa na mimi bado naenda kwa shangazi.

Niliwaza hivyo mpaka fundi akaja akisukuma ile nyekundu.

"Afisa amekataa kuiandika," akasema. "Haiko kwa fomu, haiko kwa mkataba, haiko kwa kitabu. Hakuna mtu duniani anaweza kuniuliza iko wapi." Akainua tandiko mpaka mwisho, na mwisho haukuwa mbali. "Panda tuone."

Nikapanda mbele ya watu wote. Magoti yalifika karibu na usukani. Baba alinitazama nikizunguka banda mara moja, akaweka kikapu chake chini.

"Inafika shule?" akamuuliza fundi.

"Inafika. Ni yeye sijui atafikaje."

"Basi abaki," baba akasema, akarudi kuchambua majani.

Shule ilipofunguliwa nilitoka nyumbani gizagiza, mapema zaidi ya zamani, kwa sababu ndama inataka kupigwa pedali mara mbili pale ambapo nambari nne ilipigwa mara moja. Karibu na daraja wavulana wa kidato cha nne walinipita kwa miguu. Kwa miguu, naandika vile ilivyokuwa.

"Dada," mmoja akasema, "hiyo unaipeleka kliniki?"

Sikumjibu. Nilikuwa napumua. Lakini kilima kile kina upande wa kuteremka pia, na huko niliwapita wote, miguu nimeiinua juu ya usukani kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa kuiweka, na nilifika kabla ya kengele.